Mzazi, chuja unachosoma kwenye simu kabla mtoto hajaugua

Ilikuwa saa nane usiku. Mtoto wetu wa miezi minane alikuwa ameharisha mara ya tano tangu jioni. Mke wangu alikuwa amempakata kitandani, mimi nimesimama dirishani na simu mkononi, natafuta chapisho moja nililokumbuka kulisoma wiki chache nyuma. Lilieleza vizuri kabisa mzazi afanye nini mtoto akiharisha. Nililipenda, nikasema nitalirudia siku nyingine.

Siku hiyo ilikuwa imefika, na chapisho halikuonekana.

Nikaperuzi makundi ya WhatsApp: michango ya harusi, salamu za asubuhi zenye picha za maua, ubishi wa mpira, tangazo la vitenge, video ya mtu akidondoka kwenye bodaboda. Katikati ya hayo nikakuta ushauri wa aina tatu kuhusu mtoto anayeharisha. Wa kwanza ulisema aachishwe kunyonya mpaka tumbo litulie. Wa pili ulisema apewe soda iliyotolewa gesi, itiwe chumvi kidogo. Wa tatu ulisema hayo ni meno ya plastiki, apelekwe kwa mtaalamu wa kienyeji akang'olewe.

Mke wangu akaniuliza, "Tufanye lipi, baba?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na maandishi mengi kuliko kitabu chochote kilichomo humu ndani, na sikujua lipi la kuamini.

Nikampigia shangazi, muuguzi mstaafu.

"Shikamoo shangazi, samahani kwa usiku huu."

"Marahaba mwanangu. Nani anaumwa?"

Nikamweleza. Aliuliza mambo manne tu: mtoto ana umri gani, bado ananyonya, kuna damu kwenye choo, na macho yameingia ndani? Kisha akasema tuendelee kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi, tuchanganye pakiti ya ORS kwa maji safi ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, tumpe kidogo kidogo kwa kijiko kila anapoharisha, na asubuhi tumpeleke kituo cha afya, ambako angepewa na vidonge vya zinki. Akaongeza: "Akilegea, akishindwa kunyonya au ukiona damu, usisubiri asubuhi. Ondoka saa hiyo hiyo."

Pakiti ya ORS ilikuwemo kabatini. Mtoto alipona. Siku mbili baadaye, nikifuta picha ili kupata nafasi kwenye simu, nilikutana na lile chapisho. Nilikuwa nimelipiga picha ya kioo. Lilikaa kati ya picha ya risiti ya luku na picha ya gari la mtu. Lilisema karibu kila kitu alichosema shangazi.

Kumbe ushauri mzuri nilikuwa nao muda wote, ila ulikuwa umefukiwa.

Tatizo letu si uhaba

Wazazi wetu walitafuta habari za malezi kwa shida. Kulikuwa na redio, kliniki, bibi na jirani. Sisi tuna kinyume chake. Kila asubuhi simu inaamka na mamia ya jumbe, makala, picha na video, na kila mmoja anajiita mshauri wa malezi.

Mwaka 1971 mchumi wa Marekani, Herbert Simon, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, alieleza kwamba habari zikiwa nyingi, kinachopungua ni umakini wa anayezipokea. Alisema hayo kabla ya kuwapo simu hizi tulizonazo. Mzazi wa leo anayelala amechoka baada ya kuperuzi saa nzima, asikumbuke hata jambo moja alilosoma, anamwelewa Simon bila kufundishwa.

Wahenga nao walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu, kibaya kinatembea kwa miguu ya watu wengi sana. Ujumbe wa kutisha unasambazwa kwa dakika moja. Chapisho la mganga anayeeleza kwa utulivu jinsi ya kumnyonyesha mtoto anayeharisha halimtishi mtu, kwa hiyo halisambazwi. Hilo ni lazima ulifuate mwenyewe.

Chuja milango kwanza

Wengi wetu tunachuja kwa kusoma kila kinachoingia na kuamua kimoja kimoja. Hiyo ni kazi isiyoisha. Hesabu mwenyewe: machapisho 40 kwa siku, kila moja dakika mbili, ni dakika 80. Huo ni muda wa kusimamia kazi za shule za watoto wawili na kuwasikiliza.

Ni rahisi zaidi kuchuja vyanzo. Chukua kila kundi, ukurasa na blogu unayofuatilia, kisha fungua machapisho yake kumi ya mwisho. Jiulize ni mangapi kati ya hayo ulifanyia kazi, au yalikubadilisha namna unavyoishi na mtoto wako. Kama ni matatu au zaidi, chanzo hicho kibaki. Kama ni moja, kiangalie mara moja kwa wiki. Kama hakuna, toka.

Najua kuna makundi huwezi kutoka bila kuitwa kwenye kikao: la ukoo, la mtaa, la wazazi wa darasa. Hayo yanyamazishe, au yahamishie kwenye sehemu ya WhatsApp ya mazungumzo yaliyohifadhiwa. Tangu mwaka 2021 mazungumzo yaliyowekwa huko hubaki huko hata ujumbe mpya ukiingia. Pita mara moja jioni, jibu la msiba na la mchango, basi.

Kwa upande wa Facebook, Instagram na TikTok, kumbuka kwamba mpangilio unaouona umepangwa na mashine, nayo inaangalia zaidi kitu gani kitakushika usiondoke. Ukitazama mara tatu video ya mtoto aliyepaliwa, utaletewa kumi. Mashine haijui kama umejifunza au umeogopa. Inajua tu kwamba umetazama.

Kwa wanaopenda kusoma blogu na makala ndefu kidogo, ipo njia ya zamani ambayo bado inafaa. Blogu nyingi na tovuti za habari zina mlisho, yaani orodha inayojiongeza yenyewe kila mwandishi anapochapisha kitu kipya. Teknolojia hiyo, inayojulikana kwa jina la RSS, ilianza mwaka 1999. Google walikuwa na programu ya kusomea milisho iitwayo Google Reader, wakaifunga Julai 2013, lakini nyingine kama Feedly na Inoreader zipo na zina huduma ya bure. Unaingiza anwani ya blogu unayoiamini, na machapisho yake yanakusanyika mahali pamoja kwa mpangilio wa tarehe. Unaona vichwa vya habari kwanza, unafungua viwili vitatu vinavyokuhusu, vingine unaviacha. Kwa kuwa nyingi ya makala hizo ni maandishi, hata bando linadumu.

Usianze na blogu 50. Anza na tano. Ukitaka kuongeza ya sita, ondoa moja.

Maswali matano kwa kila ushauri

Hata ukichagua vyanzo vizuri, si kila chapisho litakuwa zuri. Haya ni maswali ninayouliza sasa kabla sijaendelea kusoma, na ni nadra kunichukua zaidi ya nusu dakika.

*Unamhusu mtoto wa umri gani?* Hili ndilo la kwanza, kwa sababu ushauri unaweza kuwa wa kweli na bado ukamdhuru mtoto wako. Chukua asali. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, kijiko cha asali huweza kutuliza kikohozi. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, asali haifai kabisa, hata ya kulambishwa. Inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wake mchanga, ikalegeza misuli mpaka ashindwe kunyonya na kupumua. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu. Kwa hiyo chapisho linalosema "mpe mtoto asali akikohoa" bila kutaja umri lina kasoro, hata kama limeandikwa kwa nia njema.

*Nani anasema, na anauza nini?* Anayeandika ajulikane, na kazi yake ijulikane. Kuuza si kosa, lakini kama kila makala inaishia kwenye chupa ya dawa na namba ya kutuma pesa, hilo ni tangazo. Lisome kama unavyosoma tangazo.

*Ni la lini?* Miongozo hubadilika. Wapo watu wanaosambaza mwaka huu makala za miaka kumi iliyopita kana kwamba zimetoka jana. Kama hakuna tarehe, tahadhari.

*Linasema ni wakati gani niende hospitali?* Mtu anayejua kazi yake anajua pia mwisho wa ushauri wake. Atakuambia dalili za hatari. Anayesema dawa yake inatibu kila kitu na huhitaji daktari, mwache hapo hapo.

*Linataka nifanye haraka na nimtumie kila mtu?* "Tuma kwa wazazi wote kabla hawajaufuta" ni alama ya ujumbe usiopenda kuchunguzwa. WhatsApp wenyewe wanakusaidia kidogo hapa: ujumbe uliopita katika mikono mingi huwekewa mishale miwili juu yake. Mishale hiyo haina maana kwamba ni uongo. Ina maana kwamba aliyekutumia siye aliyeuandika, na pengine hata hamjui aliyeuandika. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliweka sharti kwamba jumbe za namna hiyo zipelekwe kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati, na ikatangaza kuwa usambazaji wake ulipungua kwa asilimia 70.

Tuyapitishe maswali haya kwenye ule ujumbe wa meno ya plastiki. Haukutaja umri. Haukusema nani ameandika. Haukutaja dalili hata moja ya kumpeleka mtoto hospitali. Na ulikuwa na mishale miwili. Ukweli ni kwamba kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya kawaida ya mtoto, ambavyo bado vimo ndani ya ufizi. Kuvichimbua kunaleta kutokwa damu na maambukizi, kunaweza kuharibu meno ya ukubwani, na wapo watoto waliopoteza maisha. Wakati huo wote kuharisha kwenyewe hakujatibiwa.

Au chukua ushauri mwingine unaozunguka sana, wa kupaka dawa ya meno mtoto akiungua kwa chai au uji. Hauponyi, na unaweza kumchelewesha. Jambo la kufanya ni kuweka sehemu iliyoungua kwenye maji ya kawaida ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila unga, bila yai, kisha kumpeleka kituo cha afya. Ni sentensi mbili tu. Machapisho ya thamani mara nyingi ni mafupi namna hiyo.

Umri wa mtoto uwe chekeche lako

Mwaka 2012 nchini kwetu ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito au mzazi aliandika neno MTOTO, akalituma kwenda namba 15001, akajibu maswali machache kuhusu umri wa mimba au wa mtoto. Baada ya hapo alipokea bure jumbe fupi za Kiswahili zilizoendana na hatua aliyofikia. Mama wa mimba changa hakuletewa habari za kuota meno.

Hilo ni somo zuri la kuchuja. Ujumbe ulikuwa mfupi, wenye chanzo kinachojulikana, na uliofika kwa wakati wake. Wewe pia unaweza kujifanyia hivyo. Kama una mtoto wa miezi mitatu, machapisho kuhusu vyakula vya kulikiza hayakuhusu leo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Yaweke akiba, usiyasome. Kama mwanao yuko darasa la nne, achana na mjadala wa nepi. Ukifuata kanuni hii moja, zaidi ya nusu ya unachosoma utaona hakina kazi kwako kwa sasa, na hutapungukiwa na kitu.

Tena usiisahau kadi ya kliniki. Ina umri, uzito, chanjo na tarehe za kurudi. Imeandikwa kwa ajili ya mtoto wako mmoja, na aliyeijaza amemwona kwa macho. Hakuna chapisho la mtandaoni linalofikia hapo. Ukisoma kitu kikakutia shaka, kihifadhi, ukamwulize muuguzi siku ya kliniki. Kuuliza si ujinga.

Ukipata kizuri, kiweke kinapopatikana

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilichuja, nikapata, nikapoteza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwenye WhatsApp, bonyeza ujumbe kwa muda kidogo, kisha uuwekee nyota. Jumbe zote zenye nyota hukusanyika mahali pamoja, hata zikitoka makundi tofauti. Wengine hufungua kundi lao na mwenzi wao peke yao, la watu wawili, wakawa wanatupia humo yale yaliyopita kwenye maswali matano. Hiyo ni nzuri zaidi, kwa kuwa baba na mama wanasoma kitu kimoja na hawabishani usiku wa manane.

Lakini yale ya dharura yaandike kwenye karatasi. Simu huisha chaji, bando huisha, na dada wa kazi anayebaki na mtoto mchana hana simu yako. Kwetu karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la dawa. Ina mambo manne: kuharisha, homa, kuungua na kupaliwa. Kila jambo lina mistari isiyozidi mitano, pamoja na dalili za kukimbilia hospitali. Kwa kuharisha, tumeandika kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili apewe ORS robo hadi nusu ya kikombe cha chai kila baada ya choo, na kwamba vidonge vya zinki vinatumika siku 10 hadi 14 bila kukatisha hata kama kuharisha kumekoma. Chini kuna namba ya simu ya kituo cha afya, ya dereva wa bajaji wa jirani na ya shangazi.

Kabla ya kuibandika nilimpelekea shangazi aipitie. Alifuta mstari mmoja, akaongeza maneno mawili.

Usiwe mlango wa uchafu kwa wenzako

Jambo la mwisho linahusu kidole chetu. Sisi tunaolalamika kuhusu uchafu wa mtandaoni ndio tunaousambaza. Ule ujumbe wa meno ya plastiki niliukuta kwenye kundi la ukoo, na aliyeuleta ni ndugu yangu anayewapenda wanangu. Sikumgombeza mbele ya watu. Nilimpigia, nikamsalimu, nikamweleza. Akaufuta, akashukuru. Kumwaibisha kungemfanya aendelee kusambaza huko nisikomwona.

Na kama wana watoto wakubwa, wazazi wafanye zoezi hili pamoja nao. Chukueni chapisho moja jioni, mlipitishe kwenye maswali matano mkiwa mezani. Mtoto wa darasa la sita hulipenda, hasa akimkamata baba amekosea. Huyo naye baada ya miaka michache atakuwa na simu yake, na hakutakuwa na mtu wa kumchujia.

Mwezi uliopita mtoto wetu aliharisha tena, usiku vilevile. Simu yangu ilikuwa sebuleni inachajiwa, nayo sikuifuata. Mke wangu alifungua kabati, akasoma karatasi kwa tochi, nami nikachemsha maji. Kufikia saa tisa mtoto alikuwa amelala.

Leo jioni, kabla hujafungua kundi lolote, tenga dakika 20. Pitia vyanzo vyako, toka kwenye vitatu visivyokusaidia, kisha andika karatasi yako ya kwanza. Fanya hivyo wakati watoto wote ni wazima.